Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi Aliyewaandikia Watu wa Pwani kwa Lugha Yao



Wasomaji wapenzi, vijana wetu waliozaliwa huku Ghuba wakisikia jina la Mazrui, wengi humkumbuka Profesa Ali Mazrui, yule mwanachuo wa siasa aliyejulikana dunia nzima. Baba yake wanamjua wachache, na wanaomjua humjua kwa jina tu: Sheikh Al-Amin, Kadhi Mkuu wa Kenya. Nimeona si vizuri mtu kama huyu abakie jina tu, kwa sababu mengi tunayobishana leo katika barza zetu na katika simu zetu, yeye aliyaandika Mombasa zaidi ya miaka tisini iliyopita, tena kwa Kiswahili.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanachuoni. Nilikuwa karani mpaka nikastaafu, na sasa nimo katika miaka ya sabini, naishi na wanangu hapa Maskati. Masomo yangu niliyapata skuli ya mission huko Mombasa, maana wakati wetu skuli za sekondari zilikuwa chache na mzazi alimpeleka mtoto palipopatikana nafasi. Asubuhi nilikuwa mission, jioni nilikuwa chuoni kwa mwalimu wangu wa Kurani. Mission nilisomeshwa kwa lugha niliyoielewa, na kila kitabu kilieleza maana yake. Chuoni nilihifadhi sura baada ya sura, kwa sauti nzuri, bila kujua hata aya moja inasema nini. Nilipoajiriwa, mzee mmoja kazini aliniazima kijitabu kidogo kiitwacho Uwongozi. Mwandishi wake alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo lililonisumbua mimi lilikuwa limemsumbua mtu mkubwa kabla sijazaliwa.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Asili ya ukoo wa Mazrui ni Omani, na ukoo huo uliitawala Mombasa kwa muda mrefu mpaka Sayyid Said bin Sultan alipouondoa katika utawala mwaka 1837. Baada ya hapo wengi wao waligeukia elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, alikuwa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa pwani. Alifariki 1894, na Al-Amin alikuwa mtoto mdogo wa miaka mitatu. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi mwenye sifa. Kisha akasafiri Unguja kusoma kwa vinara wawili wa zama zile, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Hawa wawili walifariki mwaka mmoja, 1925, na mpaka leo silsila za wanavyuoni wetu wengi hupitia kwao.

Ili kumfahamu Sheikh Al-Amin ni lazima tuujue wakati wake. Mwaka 1895 Waingereza waliuchukua ukanda wa pwani kuwa himaya yao. Bendera ya Sultani wa Unguja ikaendelea kupepea Mombasa, lakini amri ilikuwa ya Mwingereza. Mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, na 1901 ikafika ziwani. Makao ya serikali yakahamia Nairobi. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Lilikuwa jambo la haki na lilichelewa, lakini wenye mashamba waliokuwa wakiishi kwa jasho la wengine hawakuwa wamejitayarisha kuishi kwa jasho lao. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye shamba alitakiwa ajitokeze kwa ofisa athibitishe kuwa ni lake, na ardhi isiyokuwa na mdai ikahesabiwa ni ya serikali. Mimi nimefanya kazi ya mafaili maisha yangu yote, na najua nini humpata mtu asiyejua kusoma barua ya serikali anapokabiliwa na sheria kama hiyo. Wengine walipoteza mashamba, wengine waliyauza kwa bei ya kutupa, na pesa zikaishia katika harusi na madeni.

Upande wa pili wa bahari ya Mombasa, huko Freretown, wamisionari walikuwa na kijiji chao tangu 1875, pamoja na kanisa na skuli. Serikali nayo ilifungua skuli ya Waarabu mjini mwaka 1912. Wazee wa Kiislamu wakajikuta njia panda. Wakiwapeleka watoto skuli za mission, walikhofia dini yao. Wakiwazuia, walijua kazi za forodhani, za reli na za ofisini zingekwenda kwa wengine. Wengi walichagua kuwazuia, wakaona wamehifadhi dini.

Wakati huohuo huko Misri palikuwa na harakati nyingine. Sheikh Muhammad Abduh, aliyefanywa Mufti wa Misri mwaka 1899 na kufariki 1905, alikuwa akifundisha kwamba akili na wahyi havigombani. Aliwahimiza Waislamu warudi katika Kurani na Sunna badala ya kufuata tu kila kilichosemwa na waliotangulia, na alisema elimu za kisasa si mali ya Wazungu bali ni haki ya kila mtu. Alijaribu kuitengeneza Al-Azhar yenyewe, akapata upinzani mkubwa. Mwanafunzi wake Rashid Rida alianzisha jarida la Al-Manar mjini Cairo mwaka 1898, na jarida hilo likasafiri kwa meli mpaka bandari za Waislamu duniani, zikiwemo zetu. Sheikh Al-Amin alikuwa msomaji wake. Yeye hakuichukua fikra ya Misri akaibandika Mombasa kama stempu. Alichukua njia yao ya kuuliza, kisha akawauliza watu wake mwenyewe maswali ya hapohapo walipo.

Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo aliloliita Sahifa. Lilikuwa kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu herufi hizo ndizo zilizosomwa na watu waliopita chuoni. Watu wa siku hizi wanaweza wasilione jambo hilo kuwa kubwa. Lakini magazeti ya Kiswahili ya kabla yake yalikuwa ya mission, kama Habari za Mwezi iliyotoka Magila, au ya serikali, kama Mambo Leo iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Mwanachuoni wa heshima yake aliandika Kiarabu, na aliyekijua Kiarabu ndiye aliyesoma. Mtu wa kawaida alisubiri aambiwe. Sheikh Al-Amin aliona kwamba ikiwa elimu itabaki katika lugha ya wachache, basi wachache hao hawatahojiwa na wengi hawatabadilika. Mwaka 1932 akatoa gazeti la pili, Al-Islah, maana yake marekebisho, kwa Kiarabu na Kiswahili. Lilidumu kama mwaka mmoja. Baadhi ya makala zake za Sahifa zilikusanywa zikawa kile kijitabu cha Uwongozi, kilichotoka 1944.

Aliandika nini? Kwanza, aliwakosoa watu wake kabla ya kumlaumu mtu mwingine. Hakuwatetea Waingereza, na ubaya wa kutawaliwa aliujua. Lakini alikataa kuufanya utawala wa kigeni uwe kisingizio cha kila udhaifu. Alilaumu uvivu, alilaumu kukopa kwa ajili ya harusi na matanga, alilaumu kuuza ardhi, na alilaumu mafarakano ya makabila ya Kiislamu yanayoswali safu moja na kuchukiana nje ya msikiti. Alilaumu pia kujivunia mababu. Na hapa alikuwa na haki ya kusema kuliko wengi, kwa sababu mababu zake ndio waliokuwa watawala wa mji ule. Historia yao aliiandika yeye mwenyewe kwa Kiarabu, na mwaka 1995 ilichapishwa Uingereza pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Aliijua fahari ya ukoo wake kwa tarehe na majina, na bado aliona kwamba mtu hali kwa fahari ya babu yake.

Pili, aliandika juu ya Wazungu na namna ya kuwaiga. Hili naliona ndilo bora katika maandishi yake. Aliwaona vijana wa Mombasa wakiiga mavazi, ulevi na starehe, lakini hawaigi kuhifadhi wakati, kusaidiana katika biashara, kujenga skuli kwa pesa zao na kushikamana panapokuwa na jambo. Kwake yeye hayo yalikuwa ni kuokota maganda na kuliacha tunda. Na wazee waliokataa kila kitu cha Kizungu nao hakuwaacha. Aliwaonyesha kuwa hesabu, jiografia, sayansi na lugha hazina dini, na kwamba Waislamu waliwahi kuzibeba elimu hizo wakati wengine wamelala.

Tatu, alitenganisha dini na mila. Wazee wetu husema mwacha mila ni mtumwa, na maneno hayo yana hekima. Lakini Sheikh aliona kwamba pwani mila nyingi zilikuwa zimevaa kanzu ya dini. Karamu za matanga zinazomaliza urithi wa mayatima, kuwaomba waliolala makaburini, kuogopa pepo na kuwatunza waganga, yote hayo watu waliyafanya wakidhani ni ibada. Yeye alirudi kwenye asili akauliza dalili iko wapi. Si kila mwanachuoni alikubaliana naye. Wengine, watu wema na wenye elimu, waliona anavuruga mambo yaliyowaunganisha watu, na mjadala huo haujaisha mpaka leo. Mimi naona walichokiogopa kilikuwa na sababu. Mtu wa kawaida akishafunguliwa mlango wa kuuliza, huwezi kumpangia swali atakalouliza kesho.

Nne, aliwatetea watoto wa kike wasomeshwe. Alitaka wasomeshwe kwa heshima na katika mipaka ya dini, lakini wasomeshwe. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: mama ndiye chuo cha kwanza, na chuo kisichokuwa na elimu hakitoi mwanafunzi. Katika Mombasa ya miaka ya 1930, ambapo wazazi wengi waliogopa hata binti kujua kuandika, maneno hayo kutoka kwa sheikh yalikuwa na uzito ambao yasingekuwa nao yangetoka kwa mkaguzi wa skuli wa Kiingereza. Naye hakuishia kwenye maneno. Katika miaka hiyohiyo alikuwa miongoni mwa walioipa nguvu Madrasatul Ghazali ya Mombasa, iliyofuata mpango wa madarasa na mafunzo badala ya kuhifadhi peke yake. Aliandika pia vitabu vidogo vya dini kwa Kiswahili ili mtoto aelewe anachokitamka.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kadhi wakati ule alihukumu ndoa, talaka na mirathi, na alitiwa kazini na serikali ya Kiingereza. Kwa hivyo alikuwa katika kiti kigumu. Aliyekuwa akiandika juu ya udhaifu wa Waislamu chini ya mgeni, sasa alipokea mshahara kutoka kwa mgeni huyohuyo. Wapo wanaoweza kumlaumu kwa hilo. Mimi niliyefanya kazi za ofisi najua kwamba kiti kikiachwa wazi hakikai wazi. Hukaliwa na mwingine, na mayatima na wajane huletwa mbele ya huyo mwingine. Aliukalia ukadhi mkuu kwa miaka kumi, mpaka alipofariki.

Kazi aliyoithamini kuliko zote ilikuwa ni kufasiri Kurani kwa Kiswahili. Hapa lazima niseme jambo ambalo sisi tuliosoma mission tunalijua vizuri. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili haikuandikwa na Muislamu. Iliandikwa na Godfrey Dale, padri wa mission ya Kiingereza aliyekuwa Unguja, ikachapishwa mwaka 1923 pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa jicho la Mkristo. Yaani Mswahili aliyetaka kujua kitabu chake kinasema nini, kwa muda mrefu alilazimika kumuuliza padri. Wako Waislamu waliojibu kwa kusema Kurani isifasiriwe kabisa. Sheikh Al-Amin aliona jibu hilo halitoshi. Ukinyamaza, mwingine atakusemea. Akaanza kuiandika tafsiri yake, na mauti yakamkuta hajaimaliza. Sehemu alizoziandika zilichapishwa baada yake.

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alichoacha kilikwenda njia mbili. Njia moja ni ya wanafunzi wake na waliofuata fikra zake. Sheikh Muhammad Kassim Mazrui alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na baada yake akashika Sheikh Abdalla Saleh Farsy kutoka Unguja. Huyu wa pili ndiye aliyekamilisha ile kazi: tafsiri yake ya Kurani nzima ilitoka 1969, na sidhani kama iko nyumba ya Waswahili hapa Ghuba isiyokuwa na nakala yake, hata kama imewekwa juu ya kabati. Sheikh Farsy alimaliza maisha yake hapahapa Omani mwaka 1982. Kwa hivyo mnyororo ulioanzia katika karatasi ndogo ya Mombasa umefika mpaka kwetu.

Njia ya pili ni ya mwanawe. Ali alikuwa na miaka 14 baba alipofariki. Baba alitaka aende Al-Azhar. Badala yake, cheti chake cha Cambridge kilitoka na daraja la chini, akaajiriwa kuwa karani katika chuo cha ufundi cha Waislamu, Mombasa. Nalipenda sana jambo hili, kwa sababu za kikarani. Baadaye akapelekwa Uingereza, akasoma Manchester, New York na Oxford, akawa profesa Makerere na kisha Marekani. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa akazikwa karibu na Fort Jesus, katika makaburi ya Mazrui. Hakuvaa kilemba cha baba yake, lakini ile tabia ya kuwauliza watu wake na kuwauliza Wazungu kwa wakati mmoja, bila kuogopa upande wowote, ilikuwa ya baba yake.

Siku hizi kila upande unamvuta Sheikh Al-Amin kwake. Wanaopenda dini yenye fikra pana husema alikuwa wao, kwa sababu alitetea akili, sayansi na elimu ya wanawake. Wanaopiga vita bidaa nao husema alikuwa wao, kwa sababu aliyakataa matanga na makaburi. Mimi ninavyomsoma, yote mawili yalitoka chemchemi moja. Alitaka Muislamu wa kawaida ajue kwa nini anafanya anachokifanya. Anayetaka hivyo ataigusa mila isiyokuwa na dalili, na ataigusa pia skuli isiyokuwa na mwanafunzi wa kike. Kumkata nusu ili atoshe katika kabati letu ni kumdhulumu.

Nimalizie na sisi tulio huku. Watoto wetu wanasoma Kiingereza skuli na Kiarabu mtaani, na Kiswahili wanakisikia kwa bibi. Wengi wanajua kuisoma Kurani vizuri kuliko tulivyojua sisi. Lakini ukimuuliza mtoto maana, mara nyingi atakuonyesha simu, na ndani ya simu yuko mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, anayemwambia dini yake ni nini. Hali hii si mbali na ile ya Mswahili wa 1923 aliyemtegemea padri amfasirie. Na harusi zetu, tuseme ukweli, Sheikh angeziandikia makala mbili.

Anayekitaka kijitabu cha Uwongozi leo atakipata, maana kilichapishwa upya ng'ambo mwaka 2017 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mzee asome ukurasa wa Kiswahili kwa sauti, kijana afuate kwa Kiingereza, kisha wabishane. Kubishana nyumbani, baina ya babu na mjukuu, kwa adabu na kwa dalili, ndiyo islahi aliyoitaka.

Wabillahi tawfiq.